Kopo la Skuli ya Halloran

Leota Brandvold alikuwa mlinzi wa mji usio na mtu. Ukimwuliza analinda nini, alikujibu bila kupepesa macho: "Nalinda misumari." Na kweli, mahame ya Halloran yalikuwa yamebakiwa na misumari mingi kuliko kitu kingine chochote. Waliokuja kuchimba dhahabu waliondoka kwa pupa ile ile waliyokuja nayo. Waliacha vitanda, masufuria, viatu vya watoto, hata shoka likiwa limechomekwa kwenye gogo, na tangu hapo nyumba zao zilikuwa zikipinda taratibu katika baridi ya milima ya Montana. Serikali ilitoa amri moja tu juu ya mahame yale: kisiingizwe kitu na kisitolewe kitu. Nyumba ikitaka kuanguka na ianguke, lakini asiisukume mtu.

Amri hiyo Leota aliipenda kama wengine wanavyopenda mbwa wao. Miaka mingi alikuwa mpishi wa skuli hapa kwetu Dorsey, na hakuna mtoto aliyewahi kuongezwa kijiko cha pili cha viazi kabla foleni nzima haijapita. Alipostaafu, na mumewe Arne akafariki majira yale yale, tulidhani atajifungia ndani. Wapi! Akaenda kujitolea Halloran. Tangu theluji inapoyeyuka mpaka inaporudi, alikaa katika kibanda cha mlangoni pamoja na jiko lake la kuni, birika la kahawa, rafu ya kadi za picha, na chupa za jemu ya beri za mlimani aliyoipika mwenyewe kwa ajili ya mfuko wa kanisa. Sisi wa Dorsey tulimcheka, ila tulichagua kumcheka akiwa hayupo.

Wageni walimjua kwa ukali. Kuna msichana mmoja alitoka na kipande cha kioo cha buluu mfukoni, kidogo kama ukucha. Leota akamrudisha hadi pale pale alipokiokota, kule nyuma ya duka la zamani, kwa miguu, katika jua kali, baba mtu akiwafuata nyuma huku akitukana chini kwa chini. Msichana akaanza kulia.

"Usinililie hapa," Leota akamwambia. "Nenda ukalie garini. Hapa hatuingizi hata machozi."

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeingia katika skuli ya Halloran siku moja ya mvua, mwezi wa sita, kuangalia theluji ilivyoharibu paa, akaona ubao mmoja wa sakafu, chini ya meza ya mwalimu, haukulala sawa na wenzake. Akapiga magoti, akaingiza mkono, akatoa kopo la biskuti lililofungwa vizuri kwa nailoni.

Alilijua ni la nani kabla hajalifungua. Lilikuwa la wasaka visanduku. Watu hao alikuwa akiwaona kila kiangazi, wanazurura na mabegi mgongoni, wakikutana na mtu wanajifanya wanafunga kamba za viatu. Mchezo wao ni huu: mmoja anaficha kopo mahali, ndani yake anaweka kijitabu na muhuri aliouchonga kwa mkono wake katika kipande cha mpira, kisha anatunga vidokezo vya kumfikisha mtu pale. Anayelipata anapiga muhuri wa kopo katika kitabu chake yeye, na muhuri wake anaupiga katika kijitabu cha kopo. Halafu analirudisha vile vile na kuondoka kimya kimya, kama mwizi ambaye hakuiba kitu. Leota hakuona maana yake. Kwake yeye kopo lile ni kitu kilichoingizwa, na kilichoingizwa ni takataka, hata kingefungwa vizuri namna gani.

Akalipeleka kibandani. Kuni zilikuwa zimelowa, jiko linafuka moshi tu, na alikuwa na hamu ya kahawa. Akafungua kile kijitabu. Ukurasa wa kwanza, upande wa kushoto, palikuwa na muhuri wa ndege mdogo kwa wino wa buluu. Upande wa kulia, peupe. Kurasa zilizofuata zote, nyeupe pe. Akajiambia, hata hawajaanza kukitumia. Akachana karatasi, akazisokomeza chini ya kuni, akawasha kiberiti. Zilishika moto vizuri sana.

Muhuri wa mpira uliokuwamo kopani ulimshinda kuuchoma. Kwanza mpira unanuka ukiungua. Pili ulikuwa mzuri jamani. Ulikuwa dirisha la skuli ya Halloran lenyewe, na kioo chake kilichopasuka, na tawi la beri limeingia ndani kupitia ule ufa, na beri zenyewe unaweza kuzichuma. Leota akautia katika mfuko wa aproni. Lile kopo akalifanya la kuwekea pini.

Na alipopika jemu mwezi wa nane, akakumbuka muhuri ule, akaupiga kwenye lebo. Kwenye gulio la kanisa wanawake walimzunguka.

"Leota! Nani kakuchorea hii?"

"Ah, kitu nilikiokota tu."

"Umeokota wapi wewe? Mbona sisi hatuokoti?"

Wakacheka, naye akacheka, lakini jioni akiosha sahani alijikuta anajitetea kwa sauti peke yake jikoni. Haukuwa wa Halloran ule, alisema. Uliletwa na watu. Kutoa kilichoingizwa si kutoa. Alikuwa na maneno mazuri ya kujitetea, na ingekuwa heri kama angejiuliza kwa nini anayahitaji.

Septemba ikafika. Wageni walikuwa wamepungua, asubuhi nyasi zinakuwa na barafu. Siku hiyo ikaja pikapu moja kuukuu, akashuka mzee mrefu aliyevimba magoti, kofia mkononi. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye kaunta.

"Habari za asubuhi, mama. Naitwa Emmett Pascoe. Nisikufiche: nimekuja kusaka kisanduku. Najua ninyi hamvitaki humu."

"Hatuvitaki kabisa," Leota akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kuomba ruhusa. Wenzangu wengi wangejipenyeza tu."

"Na ni nani aliyekificha?"

"Mke wangu. Winnie."

"Basi mwambie mkeo aje akitoe mwenyewe, nami nitasahau kwamba alikiingiza."

Mzee akatabasamu kidogo, akaizungusha kofia. "Angefurahi kuja. Nimemzika mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja."

Leota alihisi uso unamwaka moto. Akasema pole, akasema tena pole. Halafu akakumbuka kilichokuwa nyuma yake. Chupa za jemu zilikuwa zimejipanga kwenye rafu, kila moja na dirisha lake na tawi lake la beri. Akajipanua mbele ya chupa zile kama kuku anayefunika vifaranga, akachukua kitambaa, akaanza kuzipangusa na kuziteremsha moja moja chini ya kaunta.

"Vumbi la hapa," alisema, "halina adabu."

"Nakusumbua na kazi zako."

"Hapana, hapana."

"Ningekuomba kitu kimoja basi. Twende wote. Magoti yangu haya hayaaminiki, na macho ndiyo usiseme. Halafu utanilinda nisiibe msumari."

Angekataa kwa kisingizio gani? Akachukua sweta yake, akafunga kibanda.

Mzee alikuwa na vidokezo vilivyoandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa mpaka ikalegea. Akamkabidhi Leota asome. Leota akasoma, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine: "Anzia pale walipoingia na dhahabu mfukoni wakatoka na kichwa kinachouma."

"Hapo ni baa," Emmett akasema, akacheka. "Winnie hakuwa mtu wa mafumbo magumu. Alisema mafumbo magumu ni majivuno."

Wakasimama mbele ya baa iliyolala ubavu mmoja. Kidokezo cha pili kiliwaambia wamfuate mwizi mwenye mizani, ndio wakaenda kwenye ofisi ya kupimia dhahabu, ambako mizani haipo tena ila meza yake ipo. Njiani mzee alikuwa akiongea kwa furaha ya mtu aliyepata msikilizaji. Alisema yeye na Winnie walikutana hapa hapa Halloran, wangali vijana, kiangazi kile walipoletwa vijana wa kujitolea kuziegemeza kuta kwa magogo.

"Mimi nikaingia skulini kifua mbele, nataka anione. Sakafu ikakatika. Nikazama mpaka kiunoni! Yeye badala ya kuniokoa akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Ndipo akanivuta."

"Sakafu ile tuliitengeneza," Leota akasema.

"Nyie mliitengeneza, mimi nikaoa."

Kidokezo cha tatu kilitaja bomba la moshi lililoanguka chini, na kumtaka msakaji aligeuzie mgongo na kwenda zake hadi asikie kengele isiyokuwapo. Leota alijua kengele ile ilipokuwa ikining'inia, juu ya paa la skuli. Kila aliyewahi kujitolea Halloran alijua. Alianza kutembea polepole zaidi, akijifanya anamngojea mzee, ilhali mzee ndiye aliyekuwa akimngojea yeye.

"Unajua tulikuwa na desturi yetu," Emmett akasema. "Wengine mume anakwenda zake, mke anakwenda zake. Sisi hakuna aliyepiga muhuri bila mwenzake. Yeye ndege, kushoto. Mimi nyumbu, kulia. Nyumbu ni yeye alinipa hilo jina, kwa ubishi. Fungua kopo lolote katika milima hii, kama tulifika utatukuta wawili, bega kwa bega."

Leota akaitikia kwa kichwa.

"Sasa alipokuwa hospitali, siku za mwisho mwisho, ananiambia: Nyumbu, nilificha kimoja Halloran bila wewe. Nikamwambia umevunja desturi. Akasema sikuivunja. Nimepiga wangu, na nafasi yako nimekuachia. Nenda ukiacha kulia."

"Na umeacha?"

"Sijaacha. Ila nimechoka kungoja." Akapenga kamasi kwa leso kubwa. "Muhuri wake wa ndege nilimzika nao, mkononi. Sasa nafikiri nilifanya ujinga, lakini siku ile niliona ndiyo sawa. Kwa hiyo ndege wa humo kopani ndiye wa mwisho ninayeweza kusimama karibu yake."

Walikuwa wamefika kwenye ngazi za skuli. Hapa ndipo alipopaswa kusema. Alijua ndipo. Alifungua mdomo, maneno yote yakiwa yamejipanga, na kilichotoka ni: "Angalia kizingiti, kimeoza."

Emmett alijua ubao hata bila kidokezo cha mwisho. Alishuka kwenye magoti yake mabovu huku akishika meza ya mwalimu, kisha akaiachia haraka na kuomba radhi kwa kuigusa. Akainua ubao kwa vidole viwili. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, kisha hadi begani. Leota akatazama dirisha lililopasuka, kwa sababu hakuweza kuutazama uso ule.

"Hakuna," mzee akasema.

Akapapasa tena. Vumbi lilikuwa limemjaa ndevu.

"Itakuwa panya wa porini," akasema baadaye. "Wanapenda vitu vya kung'aa. Wanaburura chochote."

"Mwaka huu panya ni wengi kweli," Leota akasema.

Ilikuwa kweli. Panya walikuwa wengi. Katika maisha yake yote Leota hakuwahi kusema neno la kweli lililokuwa uongo mchafu kama lile, na alilijua wakati bado liko ulimini.

"Basi halijaenda mbali," mzee akasema, uso ukimchangamka. "Panya habebi kopo maili nzima. Nitatafuta kidogo, kama huna neno."

"Sina neno."

Akarudi kibandani, akakoka moto. Akaosha birika ambalo lilikuwa safi. Kutoka dirishani aliweza kumwona Emmett Pascoe akizunguka skuli, akiinama, akichungulia chini ya misingi, akiinua kibao na kukirudisha kama alivyokikuta, akikilaza kwa mkono kama anamlaza mtoto. Hakuna mgeni aliyewahi kuitii amri ya Halloran namna ile. Leota alikaa kwenye kiti chake akatamani mzee avunje kitu, atie msumari mfukoni, afanye kosa lolote la kumtosha yeye kutoka nje na kumfokea.

Mchana ukapita. Sasa mzee alikuwa amelala kifudifudi, shavu chini, akimulika kwa tochi chini ya kanisa la mahame. Leota akachukua ile pasti aliyojifungia mwenyewe asubuhi, nyama na viazi ndani ya unga wa kuoka, akampelekea na kikombe cha kahawa. Alikuwa anajua anachofanya. Alikuwa anajaribu kulipa kwa chakula kitu ambacho hakilipiki kwa chakula, kama alivyozoea kufanya tangu enzi za jikoni ya skuli.

"Mungu akubariki, mama," Emmett akasema, akakaa kwenye nyasi. "Wengine wangenifukuza zamani."

"Kula kwanza," akasema Leota, akageuka upesi.

Alipofika kibandani alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Aliona haya. Ule uongo wa asubuhi alikuwa amejisamehe nusu, kwamba ulimponyoka tu. Lakini tangu asubuhi alikuwa amepata nafasi ya kusema mara kwa mara, na kila nafasi aliikanyaga kwa kusudi, kwa sababu moja tu: hakutaka mtu yeyote ajue kwamba Leota Brandvold alitoa kitu Halloran. Heshima yake aliipima na magoti ya mzee yule, akaona heshima yake ndiyo nzito.

Jua lilipoanza kugusa mlima, Emmett akaja mlangoni. Suruali yake yote ilikuwa vumbi.

"Basi, mama. Nashukuru kwa yote. Nitarudi kiangazi kijacho, nikiwapo. Pengine panya atakuwa amejuta."

Akacheka mwenyewe. Akavaa kofia.

Leota akainama chini ya kaunta, akatoa chupa moja ya jemu, akaiweka mbele yake, lebo ikimtazama.

"Oh, huna haja," mzee akasema, akidhani ni zawadi. Akaichukua. Akatafuta miwani yake mfukoni, akaivaa, akaisogeza chupa karibu na taa.

Leota alimwona akilitambua kwanza dirisha. Kisha ufa. Kisha kidole chake kikafuata lile tawi linavyoingia, polepole, mpaka kwenye beri ya mwisho.

"Hii ni kazi ya Winnie," akasema. "Huo mkato. Alikuwa anakata majani kwa kurudi nyuma, hakuna mwingine anayekata hivyo." Akainua macho. "Huu sijawahi kuuona. Alinificha. Umeupata wapi?"

"Chini ya ubao," Leota akasema. "Mwezi wa sita. Mimi ndiye panya."

Mzee akairudisha chupa kwenye kaunta.

"Nilidhani ni takataka. Muhuri ninao hapa, na kopo ninalo." Alifungua droo, akamwaga pini mezani, akaweka kopo na muhuri juu ya kaunta.

Emmett hakuugusa muhuri. "Na kijitabu?"

"Nilikichoma."

"Ulikichoma."

"Kuni zilikuwa zimelowa. Nilitaka kahawa."

Mzee akavuta kiti akakaa. Kuni zikapasuka jikoni, akageuza kichwa akalitazama jiko, kisha akayaondoa macho hapo haraka.

"Ulikifungua kabla?"

"Nilikifungua."

"Alikuwamo?"

"Alikuwamo. Ndege wa buluu. Upande wa kushoto."

"Na kulia?"

"Peupe," Leota akasema, na machozi yakamtoka. "Palikuwa peupe kabisa. Alikuachia nafasi kubwa."

Emmett akavua miwani, akafunika macho kwa kiganja. "Umenitazama nimelala kwenye vumbi kutwa nzima."

"Ndiyo."

"Ukaniletea na chakula."

"Ndiyo. Bwana Pascoe, naomba unisamehe."

"Usiniombe leo," akasema. Hakufoka. "Leo sina msamaha, mama. Ningekuwa nao ningekupa, lakini sina. Usiniombe tena."

Leota hakuwahi kuambiwa kitu kigumu kiasi hicho kwa upole kiasi hicho, na hakujua mikono yake aiweke wapi.

Mzee akafungua begi, akatoa kidau cha wino na kitabu chake mwenyewe kinene kilichochakaa. Akauchukua muhuri wa Winnie kwa vidole, akaupuliza vumbi, akaugonga katika wino mara nyingi nyepesi nyepesi, akaupiga kwenye ukurasa wa mwisho. Akautazama ukikauka. Kisha akatoa kijitabu kingine, kidogo, kipya. Wasaka visanduku huwa hawakosi cha akiba. Akafungua ukurasa wa kwanza. Akautoa muhuri wake, nyumbu aliyejikunyata masikio nyuma, akaupiga upande wa kulia, chini kidogo, pembeni kabisa, kama mtu anayesogea kitandani kumpisha mwenzake.

Upande wa kushoto hakupiga kitu.

Akatia kijitabu na muhuri ndani ya kopo, akafunika, akalisukuma juu ya kaunta hadi kwa Leota.

"Lirudishe lilipokuwa."

"Hairuhu..." Leota akaanza, kwa mazoea ya ulimi, na akajichukia hata kabla hajamaliza. "Nitalirudisha. Sasa hivi nitalirudisha."

"Watu watakuja kulisaka. Kurasa ni nyingi, wapige wanavyotaka. Lakini hapo kushoto asipige mtu."

"Hatapiga mtu."

"Watakuuliza kwa nini."

"Niwaambie nini?"

Emmett Pascoe akachukua kofia yake. Ile chupa ya jemu akaiacha pale pale. "Wewe ndiye uliyekuwapo," akasema, akatoka. Pikapu ikawaka, ikazima, ikawaka tena, ikashuka mlima.

Leota alilirudisha kopo jioni hiyo hiyo, kabla giza halijaingia. Alifunga nailoni sawasawa, akalaza ubao, akaupangusa kwa aproni. Kisha akabaki pale magotini muda, bila kusali, bila kufanya lolote. Lebo za jemu alizibandua zote kwa maji ya moto. Hakuna aliyemwuliza kuhusu kopo, maana theluji ilianguka mapema mwaka ule, naye akafunga kibanda akashuka Dorsey. Tuliona amekonda, tukadhani ni baridi.

Mwezi wa sita uliofuata walikuja mume na mke, vijana, mabegi mgongoni, mvua inanyesha. Walikwenda wakarudi, wakasimama kibandani kujikausha. Walikuwa wakitazamana na kusukumana kwa viwiko mpaka binti akajitoa mhanga.

"Bibi, usikasirike. Kuna kopo kule skulini."

"Najua," Leota akasema.

"Ni zuri sana! Ila tumebishana. Kile kijitabu, ukurasa wa kwanza, kuna nyumbu yuko peke yake pembeni, na kushoto pamebaki wazi. Huyu mume wangu anasema pamesahauliwa, tupige wetu hapo."

"Mmepiga?"

"Hapana. Nimemwambia tuulize kwanza."

Leota akaweka birika chini. Angeweza kusema hajui. Wangekunywa kahawa, wangeshukuru, wangeondoka, na hakuna mtu duniani ambaye angepungukiwa kitu.

"Hapo ni pa mke wake," akasema. "Alikuwapo hapo. Mimi nilimchoma."

Binti akacheka, akidhani ni mzaha wa bibi wa mahame kuwatisha wageni. Mumewe naye akacheka. Kisha wakamwangalia usoni, wakaacha.

"Ulimchoma vipi?" binti akauliza taratibu.

"Humu," Leota akasema, akalinyooshea jiko mkono. "Ili kahawa yangu ichemke."